Maswali Yenu kwa Dokta: Mguu unaruka wenyewe, je mazoezi yanaweza kuufundisha?

Safari hii maswali mengi mliyotuma yanagusa kitu kimoja, refleksi, yaani ule mguu kuruka wenyewe ukigongwa na kinyundo cha mpira, na kama mazoezi yanaweza kuibadilisha. Nimefurahi sana manake hili jambo nalipenda toka nikiwa mwanafunzi, na naona watu wengi bado wanaambiwa habari za zamani.

Habari dokta. Mi nacheza dansi toka mdogo na sasa nafundisha. Juzi nilienda kupimwa mgongo, nikagongwa kwenye kano ya kisigino, mguu ukasogea kidogo sana. Nikauliza ni kwa sababu ya dansi? Nikajibiwa hapana, refleksi mtu anazaliwa nayo na mazoezi hayaigusi. Rafiki yangu anayesoma mambo ya michezo anasema sio kweli. Nani yuko sahihi?
*Mwalimu wa dansi*

Rafiki yako yuko sahihi dada yangu, ila aliyekupima nae namuelewa, maana ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu.

Twende polepole. Kano ikigongwa, msuli unavutika kidogo tu, na ndani ya msuli kuna vihisio vinavyosikia huo mvuto papo hapo. Habari inapanda kwenye neva hadi ndani ya uti wa mgongo (sisemi mifupa, nasema ile kamba ya neva inayopita katikati ya pingili) na huko inavuka kiungo kimoja tu (sio cha mifupa, ni pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine), inaikuta seli inayoendesha msuli uleule, seli inafyatua, msuli unajikaza. Kwa shavu la mguu safari yote hiyo, kwenda na kurudi, inakula kama milisekunde 30 na ushee. Ubongo haujaulizwa kitu. Hapo ndipo watu walipochukulia kwamba basi hiyo ni waya tu, imefungwa, hauwezi kuigusa.

Lakini kile kiungo kimoja sio waya. Ubongo unatuma ujumbe kwenda chini muda wote, hata ukiwa umekaa tu, na ujumbe huo ndio unaoamua habari ya msuli ipite kwa nguvu kiasi gani. Wanaopima wanatumia kitu kinaitwa refleksi ya H, H ya Hoffmann, yule Mjerumani aliyeielezea mwaka 1910: badala ya kugonga kano unaipiga neva nyuma ya goti na shoti ndogo ya umeme, unasoma msuli umejibu kiasi gani. Kwa kipimo hicho mwaka 1986 Capaday na Stein walionyesha kwamba mtu yuleyule, mguu uleule, akisimama refleksi inakuwa kubwa, akianza kutembea inapungua, na wakati mguu uko hewani inakaribia kuzimika kabisa. Baadaye ikaonekana ukimtembeza mtu juu ya boriti nyembamba inashuka zaidi kuliko akitembea kwenye tredmili, ile mashine ya kutembelea palepale ulipo. Sasa hayo ni mabadiliko ya papo kwa papo, yanakuja na kuondoka. Swali lako ni la mabadiliko yanayobaki.

Na hapo wachezaji dansi ndio mfano wa kwanza kabisa ninaoutaja mimi. Mwaka 1993 watafiti wa Copenhagen, Nielsen, Crone na Hultborn, walipima wachezaji wa Royal Danish Ballet wakawalinganisha na wanamichezo waliofanya mazoezi sana. Ungetegemea miguu yenye nguvu vile iwe na refleksi kubwa, kumbe ya wachezaji baleti ilikuwa ndogo kuliko ya wanamichezo. Maelezo waliyotoa yanaingia akilini ukifikiria mtu anavyosimama kwenye ncha za vidole: misuli ya mbele na ya nyuma ya kifundo inakazwa yote kwa pamoja, na shavu la mguu likijibu kila mvuto mdogo kifundo kitatetemeka na yeye ataanguka. Kwa hiyo ule mlango unafungwafungwa, habari ya msuli inapita kidogo, na usimamizi unabaki zaidi juu kwa ubongo.

Kuna jambo moja lazima niliseme hapa ili usije ukanukuu vibaya kwa wanafunzi wako. Kupima watu mara moja na kuwalinganisha hakuthibitishi kwamba dansi ndio imepunguza, huenda wenye refleksi ndogo ndio wanaodumu kwenye baleti. Ndio maana ilibidi watu wachukuliwe wakiwa hawajafanya lolote, wapimwe, wafundishwe, wapimwe tena. Imefanyika hivyo na jibu limebaki palepale, kuhusu hilo soma maswali yanayofuata.

Alafu kile kinyundo cha mpira ni kipimo kizuri cha kutafuta ugonjwa, ila ni butu mno kukuambia dansi imekufanyia nini. Kama miguu yote miwili inajibu sawa na huna ganzi wala udhaifu, mguu kusogea kidogo tu hapo kisiginoni usikunyime usingizi.

Dokta shikamoo. Kama kweli refleksi ni ya haraka kiasi kwamba ubongo hauwahi, mtu anaifundishaje? Si lazima uwahi kitu ndio ukirekebishe? Nimewaza mpaka nimechoka.
*Mwanafunzi mwaka wa pili*

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali lenyewe hasa, na nitakaa hapa kidogo.

Huwezi kuiwahi, ni kweli. Unachoweza ni kuiandalia mapema. Ubongo hapa unafanya kama mtega mtego, mnyama akinasa yeye hayupo, kazi yake alishaimaliza jana.

Aliyefungua njia hii ni Jonathan Wolpaw na wenzake huko Albany, New York. Walianza na nyani, kazi yao ya kwanza ikatoka 1983, baadae panya, baadae watu. Utafiti wa watu ninaoupenda zaidi ni wa 2009, Aiko Thompson, Chen na huyohuyo Wolpaw, na nitakusimulia mtu anavyofanyiwa maana ukiona kwa karibu ndio unaelewa.

Umesimama. Nyuma ya goti umebandikwa elektrodi za kutoa shoti, kwenye shavu la mguu umebandikwa nyingine za kusoma msuli wa ndani unaoitwa soleasi. Mbele yako kuna skrini. Kwanza skrini inakuonyesha msuli wako umekazwa kiasi gani sasa hivi, na wewe unatakiwa uushike kwenye kiwango kilekile, usiukaze zaidi usiulegeze, maana msuli ukikazwa zaidi refleksi nayo inakua na hapo utakuwa umedanganya mtihani. Ukiwa umetulia sekunde mbili hivi, shoti inakuja. Papo hapo kwenye skrini inatokea nguzo inayoonyesha ukubwa wa refleksi yako, ikiangukia kwenye eneo lililotiwa kivuli inakuwa ya kijani, umefaulu, ikikosa inakuwa nyekundu. Unatulia tena, shoti tena. Mara 225 kwa siku moja. Kundi moja liliambiwa ikuzeni, kundi lingine ipunguzeni, na hakuna anayekuambia ufanyeje, unatafuta mwenyewe ndani ya kichwa chako kitu kinachofanya nguzo iwe kijani.

Walikuja mara 3 kwa wiki, vipindi 6 vya kupimwa tu alafu 24 vya mafunzo, jumla kama wiki 10. Mwishoni waliotakiwa kuikuza 6 kati ya 8 waliweza, waliotakiwa kuipunguza 8 kati ya 9.

Sasa sikiliza hii ndio tamu yenyewe. Kila kipindi kabla mafunzo hayajaanza walipimwa mara 20 bila kuambiwa wafanye chochote, wasimame tu. Ikaonekana kuna mabadiliko ya aina mbili. La kwanza linawahi kutokea na linaonekana mtu akiwa anajitahidi tu, akiacha linaondoka, huo ni ubongo unabadilisha ujumbe wake wa muda ule. La pili linachelewa, linajengeka kidogokidogo wiki hadi wiki, na hilo linaonekana hata kwenye zile 20 za mwanzo ambapo mtu hajitahidi chochote. Yaani ameingia chumbani na refleksi yake tayari ni nyingine. Kwangu mimi hapo ndipo ule uti wa mgongo umejifunza wenyewe.

Utasema labda ni ubongo bado unatuma ujumbe kimyakimya. Ndio maana kazi za wanyama zilihitajika. Wolpaw na Lee mwaka 1989 walionyesha kwa nyani waliofundishwa kwamba hata mawasiliano kati ya ubongo na uti wa mgongo yakikatwa, tofauti iliyojengwa na mafunzo inabaki huko chini. Kwenye seli zenyewe zinazoendesha msuli walikuta kiwango cha kufyatuka kimesogea, zimekuwa ngumu kuwashwa kwa wale waliofundishwa kupunguza. Ila kwa panya ikaonekana pia kwamba ile njia kuu ya kutoka gamba la ubongo kushuka kwenye uti wa mgongo ukiiharibu kabla, mafunzo hayashiki kabisa. Kwa hiyo mwalimu yuko juu, somo linaandikwa chini, na linaandikwa taratibu kwa sababu linahitaji ujumbe uleule urudiwe mara maelfu.

Mimi ni kocha. Vijana wangu nawapa uzito na mazoezi ya balansi. Ipi inaongeza refleksi? Nataka wawe wepesi.
*Kocha wa timu ya vijana*

Kocha, hizo mbili zinavuta pande tofauti.

Balansi (kusimama kwenye ubao unaoyumba, mguu mmoja, hayo) mara nyingi inapunguza refleksi ya H ya shavu la mguu, hasa ukiipima mtu akiwa kwenye hali hiyohiyo ya kuyumba, na inaanza kupungua mapema, sio lazima miezi. Sababu ni ileile ya wachezaji baleti. Uzito ni kinyume, Aagaard na wenzake mwaka 2002 waliwapa watu wiki 14 za mazoezi mazito, na refleksi ikipimwa mtu akiwa amekaza kwa nguvu zake zote iliongezeka, na ile alama nyingine wanayoita wimbi la V, inayoonyesha amri ya kutoka juu inashuka kwa nguvu kiasi gani, iliongezeka zaidi. Ila sikiliza neno hilo, akiwa amekaza. Mtu akiwa amepumzika unaweza usione tofauti yoyote. Kwa hiyo unachopima na wakati unaopima ndio vinaamua jibu, na makala nyingi za mazoezi zinazosema "mazoezi fulani yanaongeza refleksi" zinaruka hapo.

Na tafadhali, refleksi kubwa sio wepesi. Kijana kuwahi mpira ni kuona, kuamua na kuanza kukimbia, hiyo inapita juu kwenye ubongo na inachukua muda mrefu zaidi mara kadhaa kuliko hii ya uti wa mgongo. Watu wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Wape zote mbili, uzito na balansi, miili yao itajua ipunguze wapi iongeze wapi, nami naona hiyo balansi ina faida kubwa kuliko wanavyoidhani makocha wengi.

Dokta naomba unisaidie. Kaka yangu aliumia uti wa mgongo kwenye ajali miaka kadhaa iliyopita. Anatembea kwa kujivuta, lakini mguu wa kulia unakaza na ukikanyaga vibaya unaanza kutetemeka wenyewe unagonga chini tatatata hausimami. Nimesoma kwamba kuna mazoezi ya kupunguza refleksi. Ni kweli au ni matangazo tu? Tumechoka kuahidiwa.
*Dada mtu*

Pole sana dada, na mpe pole kaka. Kuchoka kuahidiwa nakuelewa vizuri, nitajitahidi nisikuahidi kitu ambacho hakipo.

Kinachotokea kwake ni hiki. Ajali imekata sehemu ya zile njia za kushusha ujumbe, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ujumbe ule ilikuwa ni ya kutuliza, refleksi zimebaki bila breki ya kutosha. Mguu ukikanyaga shavu linavutika, refleksi inalikaza, likilegea linavutika tena, linakazwa tena, ndio hiyo tatatata unayoiona. Sio woga, sio uvivu, na hawezi kuizuia kwa kutaka tu, naomba watu wa nyumbani wamuelewe kwa hilo.

Utafiti upo na ni wa kweli. Mwaka 2013 Thompson, Pomerantz na Wolpaw walichukua watu 13 walioumia uti wa mgongo muda mrefu nyuma, majeraha yasiyokamilika kama ya kaka yako, yaani bado wanaweza kutembea ila kwa shida na mguu unakaza. 9 wakafundishwa kupunguza refleksi kwa njia ileile niliyomueleza mwanafunzi hapo juu, skrini na nguzo ya kijani, vipindi 30 vya mafunzo. 4 wakawa wanapimwa tu bila mafunzo. Kati ya wale 9, 6 refleksi yao ilipungua. Na hao 6 walitembea haraka zaidi na hatua zao za kushoto na kulia zikalingana zaidi, na wenyewe bila kuulizwa wakaanza kusimulia mabadiliko waliyoyaona katika maisha yao ya kila siku.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba waliofundishwa msuli mmoja wa mguu mmoja, misuli mingine nayo ilianza kufanya kazi vizuri katika kutembea, hata ya mguu wa pili. Inaonekana ukirekebisha njia moja iliyoharibika sana, njia nyingine zinapata nafasi ya kujipanga upya kuizunguka. Na kwa watu wazima wasio na jeraha imepimwa pia, kupunguziwa refleksi hakuwaharibii mwendo, mwili unafidia sehemu nyingine.

Sasa ukweli wa upande wa pili. Watu 9 ni wachache. 3 hawakufanikiwa. Inahitaji kwamba baadhi ya njia za kutoka ubongoni zimebaki, aliyekatika kabisa haifai kwake. Na vifaa vyake vinapatikana zaidi kwenye maabara za utafiti kuliko kwenye kliniki za kawaida, kwa hiyo mtu akikuuzia "mazoezi ya kupunguza refleksi" bila elektrodi wala kipimo chochote, muulize anajuaje kama imepungua.

Mambo ya kufanya sasa hivi: mwambie fizio wake kuhusu huko kutetemeka, aeleze linatokea akiwa anafanya nini hasa. Aendelee kutembea mazoezi chini ya uangalizi, maana kutembea kwa kurudiarudia ni mafunzo ya uti wa mgongo pia. Kama anatumia dawa za kulegeza misuli asiziache ghafla hata akijisikia nafuu, baclofen hasa ikikatwa kwa ghafla inaleta hatari. Na kama kukaza kumeongezeka siku za karibuni bila sababu, apimwe mkojo, aangaliwe ngozi kama ana kidonda na tumbo kama choo kinatoka vizuri, kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo maambukizi ya mkojo au kidonda anachoweza asikisikie kinaweza kuzidisha kukaza kabla dalili nyingine hazijaonekana. Hili la mwisho nimelisisitiza kwa makusudi, linasahaulika sana na linatibika.

Ati kutembea kinyumenyume kunabadilisha neva? Naona watu wanafanya uwanjani.
*Mkimbiaji wa asubuhi*

Kunabadilisha, na ni mfano mzuri sana. Schneider na Capaday mwaka 2003 waliwatembeza watu kinyumenyume kwenye tredmili kila siku. Mwanzoni refleksi ya shavu la mguu ilikuwa kubwa hata wakati mguu uko hewani, wakati ambapo kwenye kutembea mbele huwa imezimwa, yaani kama mwili unajiandaa kukanyaga mahali usipopaona. Kadiri siku zilivyokwenda ikashuka mpaka ile ziada ikaisha. Watu wenyewe hawakuambiwa wapunguze chochote, walijifunza kutembea tu na uti wa mgongo ukafuata. Ukitaka kujaribu uwanjani tafuta sehemu tambarare na mwenzako wa kukuangalizia nyuma.

Mimi nikigongwa goti haliruki kabisa, wenzangu wote yanaruka. Nina ugonjwa?
*Mwenye wasiwasi*

Sio lazima. Kuna watu wazima wa afya ambao refleksi zao ni ndogo toka zamani, na kwa wazee ile ya kisigino inaweza kufifia kabisa. Mwambie anayekupima akugonge tena huku umefunganisha vidole vya mikono yako miwili na unaivuta kwa nguvu kama unataka kuitenganisha. Hiyo ni mbinu ya Jendrassik, ya karne ya 19 na bado tunaitumia kila siku, goti lililokuwa kimya mara nyingi linaamka. Nenda hospitali mapema kama upande mmoja unaruka na mwingine hauruki, kama refleksi ilikuwepo ikapotea, au kama kuna ganzi, miguu kuishiwa nguvu, au haja kubwa na ndogo zimeanza kukushinda kuzizuia, na hiyo ya haja usingoje kesho, nenda siku hiyohiyo.